Louis Pasteur: Kutoka Pipa la Siki Hadi Chanjo ya Kichaa cha Mbwa



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa vinavyoonekana na visivyoonekana. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, ukurasa huu wa maisha ya watu wa elimu umezoea kutuletea akina Ibn Sina, Al-Razi na Ibn al-Haytham, na ni haki yao. Safari hii nimeomba nafasi nimweleze Mfaransa mmoja, Mkatoliki, ambaye sehemu kubwa ya elimu yake aliipata akichunguza mvinyo na bia. Najua wapo watakaoguna. Wapo pia watakaoniuliza nimeingiaje huko, maana mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, sisomi sayansi. Jibu langu ni kwamba nimepitia mlango wa fiqhi. Anayesoma tahara, vyakula na vinywaji hukutana na siki, maziwa, mate ya mbwa na mizoga. Humo mote kuna viumbe wadogo wanaofanya kazi, na mtu aliyewaonyesha watu wa zama zake kazi hiyo kwa ushahidi ni Louis Pasteur.

MTOTO WA MTENGENEZA NGOZI

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa askari katika jeshi la Napoleon, kisha akarudi kwenye kazi ya kutengeneza ngozi. Familia ilihamia Arbois, mji mdogo wa wakulima wa zabibu, na huko ndiko Louis alikokulia.

Shuleni hakuwa mtoto wa kushangaza watu. Alipenda kuchora, na picha alizowachora wazazi wake zipo hadi leo. Mwaka 1838 alipelekwa Paris kusoma, lakini alishikwa na hamu ya nyumbani hata baba yake akamfuata na kumrudisha baada ya wiki chache. Alipofanya mtihani wake wa sayansi mwaka 1842, katika kemia alionekana ni mwanafunzi wa kawaida tu. Hilo nalitaja kwa ajili ya wadogo zetu wa mwaka wa kwanza. Kijana huyu wa kawaida aliingia chuo cha École Normale Supérieure mwaka 1843 na hakuacha maabara mpaka nguvu zilipomwishia.

Mwaka 1848, akiwa na umri wa miaka 25, alichunguza chumvi za asidi inayopatikana katika utengenezaji wa mvinyo. Chini ya hadubini aliona kwamba fuwele za chumvi moja ni za aina mbili, moja ikiwa kama taswira ya nyingine kwenye kioo, mfano wa mkono wa kulia na wa kushoto. Alizitenga moja moja kwa mkono, akaziyeyusha mbalimbali, na akakuta aina moja inapindisha mwanga kulia na nyingine kushoto. Tangu hapo aliamini kwamba vitu vinavyotengenezwa na viumbe hai mara nyingi huwa vya upande mmoja. Imani hiyo ndiyo iliyomfanya, alipokutana na vitu vilivyochachuka, ashuku kwamba ndani yake kuna uhai.

Mwaka 1849 alikwenda kufundisha Strasbourg, akamwoa Marie Laurent, binti wa mkuu wa chuo. Bi Marie alimwandikia kazi zake jioni baada ya jioni, kwa miaka mingi.

KIWANDA CHA LILLE

Mwaka 1854 aliteuliwa profesa wa kemia na mkuu wa kitivo kipya cha sayansi huko Lille, mji wa viwanda kaskazini mwa Ufaransa. Mwaka 1856 alifuatwa na Bwana Bigo, mwenye kiwanda cha kutengeneza spiriti kutokana na viazisukari, ambaye mwanawe alikuwa mwanafunzi wa Pasteur. Baadhi ya mapipa yake yalikuwa yanaharibika. Badala ya spiriti yalitoa uchachu. Profesa angeweza kumwambia kwamba yeye ni mtu wa chuo, lakini alichukua hadubini yake akaenda kiwandani.

Wakati huo wanakemia wakubwa, na mbele yao Mjerumani Justus von Liebig, walishikilia kwamba kuchachuka ni kuoza kwa kikemia tu, na kwamba hamira inachangia kwa vile inakufa na kumeguka. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1830 wachunguzi wengine, kama Theodor Schwann wa Ujerumani na Cagniard de la Tour wa Ufaransa, walikwisha kusema kuwa hamira ni kiumbe hai, lakini hawakusikilizwa sana. Pasteur alikuta kwamba katika mapipa mazima kuna chembe za hamira za mviringo zinazochipua, na katika mapipa yaliyoharibika kuna vijidudu vingine, virefu na vidogo kuliko hamira. Mwaka 1857 alitoa maelezo yake juu ya uchachu wa maziwa, akionyesha kwamba nao una kijidudu chake maalumu, unachoweza kukichukua kidogo, ukakipanda katika maji ya sukari yenye lishe, kikaota na kufanya kazi ile ile.

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa la maisha yake. Kila mchachuko una mfanyakazi wake. Hamira hugeuza sukari kuwa pombe, bakteria wa maziwa huigeuza kuwa asidi, na wengine hufanya kazi nyingine. Ukibadilisha kijidudu, umebadilisha matokeo. Mwaka 1861 aliongeza ajabu nyingine: wapo wanaoishi bila hewa, na hewa safi huwazuia kufanya kazi.

Sisi tunaokunywa bongo hapa Uganda tunakunywa kazi ya bakteria hao wa maziwa. Kwenye ndizi zinazokamuliwa kutengenezwa tonto, kazi ni ya hamira. Sukari inaweza kuanza ile ile, na hukumu zikatofautiana kabisa kwa sababu mfanyakazi aliyeingia chomboni ni mwingine na alichokiacha ni kingine.

Insafu inanitaka niseme pia kwamba Liebig hakukosea yote. Mwaka 1897, miaka miwili baada ya kifo cha Pasteur, Mjerumani Eduard Buchner alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye hamira, bila chembe iliyo hai, yanaweza kuchachusha sukari. Ndani ya chembe kuna vimeng'enya vinavyofanya kazi ya kikemia. Pasteur alimjua mfanyakazi. Buchner akaonyesha chombo chake cha kazi.

JE, VIJIDUDU HUJITOKEZEA VYENYEWE?

Swali lililofuata lilikuwa: vijidudu hivi hutoka wapi? Wengi waliamini vinazuka vyenyewe katika supu, nyama au juisi inayooza. Mwanazuoni wa Rouen, Félix Pouchet, aliandika kitabu kizima mwaka 1859 kutetea rai hiyo.

Pasteur alichemsha mchuzi wenye lishe katika chupa ambazo shingo zake alizivuta kwa moto zikawa nyembamba na zilizopinda kama shingo ya bata maji. Hewa iliingia, lakini vumbi lilinasa kwenye mpindo. Mchuzi ulibaki safi kwa miezi. Ukivunja shingo, au ukiinamisha chupa mpaka mchuzi uguse vumbi kisha urudi, siku chache baadaye umeharibika.

Kisha akabeba chupa zilizofungwa na kuzifungua mahali mbalimbali, 20 kila mahali. Karibu na Arbois ziliharibika 8. Juu ya mlima wa mita 850, zikaharibika 5. Kwenye barafu za milima ya Alps, ikaharibika 1 tu. Mwaka 1862 Akademia ya Sayansi ilimpa tuzo kwa kazi hii.

Hata hapa Pouchet hakuwa mjinga. Yeye alitumia maji ya nyasi kavu, na baadaye Mwairishi John Tyndall alionyesha kwamba nyasi hubeba bakteria wanaojifungia katika ganda linalostahimili kuchemshwa. Kwa hiyo chupa za Pouchet ziliharibika kweli, ila sababu haikuwa ile aliyoidhani. Wakati huo watu walilivuta suala hili upande wa dini, wengine wakitaka kuthibitisha kuwepo kwa Mungu na wengine kukanusha. Naona tujifunze adabu hapa. Chupa ya mchuzi ilijibu swali la mchuzi. Imani yetu haikai shingoni mwa chupa.

SIKI, NA MASWALI YETU YA FIQHI

Mtume (s.a.w.) aliisifu siki kuwa kitoweo kizuri. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, khamri ikigeuka yenyewe ikawa siki huwa tahiri na halali. Ikitiwa kitu ndani yake ili igeuke, haitahariki. Ikihamishwa tu kutoka kivulini hadi juani, bila kutiwa kitu, kauli yenye nguvu ni kwamba inatahirika. Wanazuoni wa Kihanafi wao wanaona kwamba ikishakuwa siki imekuwa siki, hata kama imetengenezwa kwa makusudi. Kugeuka huku kwa kitu kutoka hali moja hadi nyingine ndiko kunakoitwa istihala.

Darasani kwetu tulipofika mlango huu, mwanafunzi mmoja aliuliza: inageukaje yenyewe? Tuliishia kusema ni kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, na hilo ni kweli, lakini kila kitu ni kwa kudra yake, hata kuchemka kwa chai. Nilitaka kujua sababu aliyoiweka. Nikaikuta kwa Pasteur.

Mji wa Orléans ulikuwa maarufu kwa siki. Mafundi wake walikuwa na mapipa yaliyolala, nusu siki nusu hewa, na kila baada ya siku kadhaa walitoa siki kidogo na kuongeza mvinyo. Walijua kwamba pipa zuri lina utando juu yake. Pasteur alionyesha kwamba ule utando ni halaiki ya vijidudu hai, ambao leo tunawaita bakteria wa siki. Huelea juu kwa sababu wanahitaji hewa: wanachukua oksijeni na kuiunganisha na pombe, na kinachobaki ni asidi ya siki. Ukizamisha utando, kazi inasimama. Ndani ya mapipa aliona pia minyoo midogo sana inayogombania hewa hiyo hiyo na kuwazamisha wafanyakazi. Tena alikuta kwamba pombe ikiisha, bakteria hao hao wakiachwa huanza kuila siki yenyewe mpaka iwe maji matupu. Novemba 1867 alikwenda Orléans akawaeleza hayo wenye viwanda wenyewe, kwa lugha yao ya kazi.

Rudi sasa kwenye fiqhi. Kuhamisha chombo kutoka kivulini kwenda juani kunaongeza joto, na bakteria hawa hupenda joto la wastani. Hakuna kilichoongezwa na mkono wa mtu. Walioingia wameletwa na hewa au na nzi wadogo wa matunda. Lakini pipa la Orléans, ambalo mvinyo unamiminwa juu ya siki ya zamani, linahukumiwaje? Mimi si mufti, na swali hili nawaachia masheikh wetu. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi wa fiqhi anayejua kinachotokea ndani ya pipa ataliuliza vizuri zaidi kuliko asiyejua.

MIAKA YA MISIBA

Mwaka 1863 mfalme Napoleon III alimwomba achunguze kwa nini mvinyo wa Ufaransa unaharibika njiani. Alipata kwamba kila aina ya kuharibika ina kijidudu chake, na kwamba kuupasha moto hadi nyuzi joto kati ya 50 na 60 hivi kunatosha kuviua bila kuharibu ladha. Njia hiyo imepewa jina lake. Mvinyo hautuhusu, lakini baadaye wengine waliitumia kwenye maziwa, na hapo inatuhusu sote. Maziwa yakipashwa nyuzi joto 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa nusu saa, vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya kutupa mimba hufa. Ni watoto wangapi duniani wamekua kwa sababu ya hesabu hiyo ndogo!

Mwaka 1865 mwalimu wake wa zamani, Jean-Baptiste Dumas, alimwomba aende kusini, Alès, ambako ugonjwa wa viwavi wa hariri ulikuwa unafilisi familia nzima nzima. Pasteur hakuwahi kushika kiwavi wa hariri maishani mwake. Mwanzoni alidhani vidoa vidogo vilivyoonekana ndani ya viwavi si chanzo cha ugonjwa, akajirekebisha baadaye. Kumbe magonjwa yalikuwa mawili yaliyochanganyika. Njia aliyoiweka ilikuwa rahisi kwa mkulima: kila nondo jike atage peke yake, kisha asagwe na kutazamwa kwa hadubini, akiwa na vidoa, mayai yake yachomwe. Alisisitiza kwamba hata mtoto anaweza kufundishwa kuifanya.

Katika miaka hiyo nyumba yake ilifukuliwa kaburi baada ya kaburi. Binti yake Jeanne alikuwa amefariki mwaka 1859 akiwa na miaka 9, kwa homa ya matumbo. Mwaka 1865 alifiwa na baba yake, kisha mtoto wake mdogo Camille mwenye miaka 2. Mwaka 1866 akafariki Cécile, miaka 12, kwa homa ya matumbo tena. Katika watoto watano wakabaki wawili. Oktoba 1868, akiwa na miaka 45, alipatwa na kiharusi kilichopooza upande wake wa kushoto. Miezi michache baadaye alirudi kwenye viwavi wake huku akichechemea. Kazi zote za chanjo tunazomjua nazo alizifanya baada ya hapo, mkono mmoja ukiwa hauna nguvu.

CHANJO, NA SUALA LA AMANA

Kama pipa linaugua kwa kijidudu, kwa nini mwanadamu asiugue hivyo hivyo? Daktari Joseph Lister wa Uingereza alisoma kazi za Pasteur juu ya kuchachuka na akaanza kusafisha vidonda kwa dawa ya kuua vijidudu. Mjerumani Robert Koch alithibitisha mwaka 1876 kijidudu cha kimeta. Pasteur naye mwaka 1879 alisimama mbele ya madaktari wa Paris akawachorea ubaoni mnyororo wa vijidudu vinavyoua wazazi kwa homa ya uzazi.

Kinga kwa kupandikiza ilikuwepo kabla. Katika dola ya Uthmaniya watu walipandikiziana usaha wa ndui, na Bi Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliuona utaratibu huo huko akaupeleka kwao. Edward Jenner mwaka 1796 akatumia ndui ya ng'ombe. Alichoongeza Pasteur ni njia ya kudhoofisha kijidudu ndani ya maabara. Yeye na msaidizi wake Émile Roux walifanya hivyo kwanza kwa kipindupindu cha kuku.

Mei 1881, huko Pouilly-le-Fort, alikubali jaribio la hadharani la chanjo ya kimeta. Kondoo 24 na mbuzi 1 walichanjwa pamoja na ng'ombe kadhaa, na wengine idadi hiyo ya kondoo na mbuzi wakaachwa. Tarehe 31 Mei wote walidungwa kimeta kikali. Tarehe 2 Juni umati ulipokusanyika, kondoo waliochanjwa walikuwa wamesimama wanakula, na wasiochanjwa walikuwa wamekufa au wanakufa. Magazeti yalimbeba juu juu.

Lakini kuna jambo ambalo wasifu wa shuleni huliruka. Watu waliamini kwamba chanjo ile ilidhoofishwa kwa joto na hewa, njia ambayo Pasteur alikuwa ameitangaza. Daftari zake, ambazo familia ilizitoa kwa maktaba ya taifa mwaka 1964, zinaonyesha kwamba alitumia chanjo ya msaidizi wake Charles Chamberland, iliyodhoofishwa kwa dawa ya kikemia, njia inayofanana na ya mpinzani wake Henri Toussaint wa Toulouse. Mwanahistoria Gerald Geison aliyaeleza hayo kwa kirefu mwaka 1995. Chanjo ilifanya kazi, kondoo walipona kweli, lakini Toussaint hakupewa haki yake.

Sisi watu wa hadithi tunajua uzito wa jambo hili. Elimu yetu imesimama juu ya kutaja umepokea kwa nani. Mpokezi anayeficha mtu katika isnadi yake tunamwita mudallis, na tunamchunguza kila neno hata akiwa mchamungu. Kipimo hicho hicho nampimia Pasteur, na naomba kila mmoja wetu anayenakili kazi ya mwenzake bila kumtaja ajipimie nacho pia.

MTOTO ALIYEUMWA NA MBWA

Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja kutoka Alsace alimleta mwanawe, Joseph Meister, miaka 9. Siku mbili kabla mbwa mwenye kichaa alimuuma mahali 14. Pasteur alikuwa amefanya majaribio kwa mbwa, akitumia uti wa mgongo wa sungura wagonjwa uliokaushwa ndani ya chupa ili kudhoofisha ugonjwa. Kijidudu chenyewe hakukiona kamwe, kwa kuwa ni kirusi, na hadubini za wakati ule hazikuweza kukifikia. Yeye pia hakuwa daktari, kwa hiyo Dokta Grancher ndiye aliyemdunga mtoto, sindano 13 kwa siku kadhaa. Joseph akaishi, na alipokuwa mtu mzima akawa mlinzi wa taasisi ya Pasteur.

Wapo wanaosema alikimbilia kumjaribia mtoto kabla ya kukamilisha majaribio kwa wanyama, na daftari zake zinawapa nguvu. Wapo wanaojibu kwamba dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, mgonjwa karibu kila mara hufa, na mama alikuwa mlangoni. Si wote waliopona. Binti Louise Pelletier aliletwa siku 37 baada ya kuumwa na akafariki. Machi 1886 walifika Warusi 19 walioumwa na mbwa mwitu. Wakafa 3, wakapona 16.

Habari ilifika Istanbul. Mwaka 1886 Sultani Abdulhamid II alituma ujumbe ukiongozwa na Zoeros Pasha kwenda Paris kujifunza, pamoja na nishani na mchango wa fedha kwa Pasteur. Waliporudi, mwaka 1887 kilifunguliwa kituo cha chanjo ya kichaa cha mbwa Istanbul. Taasisi ya Pasteur yenyewe ilifunguliwa Paris Novemba 1888. Kipindupindu kilipoingia Istanbul mwaka 1893, Sultani aliomba tena wataalamu, na ikaundwa maabara ya bakteria. Mwaka huo huo taasisi nyingine ilianzishwa Tunis, ingawa huko ilikuja pamoja na ukoloni wa Kifaransa. Khalifa hakuona haya kupeleka wanafunzi kwa Mfaransa alipoona kuna maisha ya watu ya kuokoa.

Hili si la zamani. Kichaa cha mbwa bado huua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na wengi wao watoto. Mtaani kwetu mtoto wa madrasa aliwahi kuumwa, na wazee wakaanza kubishana juu ya kumwosha mara saba, moja kwa udongo. Bahati nzuri mama yake hakusubiri mjadala uishe. Ndugu zangu, hukumu ya najisi ya mbwa inajulikana na ina mahali pake, lakini tahara si tiba, na udongo kwenye jeraha bichi unaweza kuleta pepopunda. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akapate chanjo, na amalize sindano zote. Sisi ndio tutakaokuwa maimamu na walimu wa madrasa kesho. Tuliseme hili kwenye khutba.

ALICHOKIACHA

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895 karibu na Paris, akiwa na miaka 72, na amezikwa ndani ya taasisi yake.

Baada yake, mlango aliousukuma umezidi kufunguka. Tumejua kwamba bakteria waliomo kwenye vinundu vya mizizi ya maharage huchukua nitrojeni ya hewani na kuilisha mimea, na kwamba ng'ombe wa Ankole hawezi kumeng'enya nyasi bila vijidudu vya tumboni mwake. Penisilini hutoka kwenye ukungu. Insulini ya wagonjwa wa kisukari zamani ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Tangu mwaka 1982 inauzwa insulini inayotengenezwa na vijidudu, na Waislamu wengi wameondokewa na mashaka. Tazama jinsi suala la halali na haramu lilivyopata wepesi kupitia kiumbe asiyeonekana kwa macho.

Maombi yangu kwenu ni mawili. Wenzetu wa sayansi na udaktari, njooni kwenye darsa zetu mtueleze mnachokiona kwenye hadubini. Na sisi wa sharia tuingie maabara, hata kwa siku moja, tuone kitu tunachokitolea hukumu. Profesa wa Lille hakuona unyonge kuingia kiwandani kwa Bwana Bigo, na ndipo alipookota elimu iliyokuja kuokoa watoto.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa na atupe uaminifu wa kuibeba. Amin.